Nimekariri ufunguzi wa sataranji kwa miezi mitatu, lakini bado ninashindwa kabla ya hatua ya kumi

Kete ya Kamalondo (Lubumbashi):

Salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mchezaji wa dama tangu utotoni. Nilikulia katika komini ya Kamalondo, chini ya mwembe ambako ubao wa dama haukosekani, na ingawa kete zetu zilikuwa vifuniko vya chupa, upande mmoja ukivilaza na mwingine ukivipindua ili visichanganyike, nilifikia kiwango cha kuwafanya wazee wa rika la baba yangu wafikiri mara mbili kabla ya kuketi mbele yangu. Mwaka huu niliamua kujifunza sataranji. Niliona kwamba ubao ni ule ule wa miraba, tena ni mdogo kuliko wetu, na kwamba mtu aliyezoea kuhesabu hatua tano mbele hawezi kupata taabu kubwa. Hesabu hiyo ilikuwa ya uongo.

Nilishauriwa nianze na ufunguzi, yaani hatua za mwanzo zilizokwisha kupangwa na kupewa majina, nami nikautii ushauri huo kwa bidii yote. Nina daftari la miraba ambamo nimeandika Ufunguzi wa Kiitalia hadi hatua ya nane, wa Kihispania hadi hatua ya kumi, na Ulinzi wa Kisisilia, ambao sikuuelewa hata kidogo lakini niliuandika kwa sababu kila mtu anautaja. Shida ni kwamba wapinzani wangu hawajalisoma daftari langu. Ikifika hatua ya tatu au ya nne, mtu anaweka kete mahali ambapo sikupaandika, na kuanzia hapo sijui tena ninachokitafuta.

Jumamosi iliyopita nilicheza na jirani mmoja kwa dau la chupa moja ya sukre, yaani soda. Nilikuwa na kete nyeupe. Nilianza na askari e4 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari kuhesabu kutoka upande wa kete nyeupe), naye akajibu e5. Nikatoa farasi f3, akatoa farasi c6. Nikaweka askofu c4 kama daftari linavyoagiza, na hapo yeye akamrusha farasi wake hadi d4. Nilitazama nikaona kwamba askari wake wa e5 amebaki bila mlinzi, nikamla kwa farasi. Akamleta malkia g5. Nikaona kwamba farasi wangu anaweza kula f7 na kuwatishia malkia na ngome kwa pamoja, nikala tena kwa furaha kubwa. Yeye akala askari wa g2. Nikaiondoa ngome yangu hatarini kwa kuiweka f1, akala askari wa e4 huku akimtishia mfalme, nikamkinga mfalme kwa askofu e2, naye akaweka farasi f3 akasema mati, yaani mfalme ametishiwa na hana pa kukimbilia. Hatua saba tu! Mfalme wangu hakuwa ameondoka mahali pake, na mimi ndiye niliyekuwa nimekula kete za maana.

Naomba kuuliza: ni ufunguzi gani ninaoukosa? Je, nikariri zaidi, au niache kabisa mpaka nijue mambo mengine? Na mtu anayefanya kazi mchana kutwa kama mimi agawanye vipi saa moja aliyo nayo jioni?

---

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi):

Mwanangu, pole kwa sukre yako. Nimeupanga mchezo wako ubaoni na kuupitia mara mbili, kwa sababu una mafunzo mengi kuliko daftari zima.

Kwanza ujue kwamba mtego ulioangukia ni wa zamani. Unaitwa kwa jina la Joseph Henry Blackburne, Mwingereza aliyeishi kuanzia 1841 hadi 1924, na jina hilo huunganishwa na neno shilingi, kwa kuwa inasimuliwa kwamba aliutumia kuwatoza wageni wa mikahawa shilingi moja moja. Kwa hiyo jirani yako anaendeleza desturi, ila amebadilisha sarafu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Hukushindwa kwa sababu ya kukosa ufunguzi. Ulishindwa kwa sababu bado unacheza dama. Katika dama yetu ya miraba 100, kula ni lazima, na kukiwa na njia mbili unalazimika kufuata ile inayokula kete nyingi zaidi. Mchezaji wa dama aliyekomaa hutumia sheria hiyo kumvuta mwenzake shimoni, lakini mkono wake mwenyewe umezoezwa kwa miaka mingi kwenda kwenye kete inayolika. Katika sataranji hakuna anayekulazimisha. Kula ni hiari, sawa na kusogea. Askari wa e5 alipobaki peke yake, wewe hukuuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu amuache mlinzi wake aondoke. Uliona kinacholika, ukala. Ulipokula f7 ulifanya vivyo hivyo kwa mara ya pili, wakati malkia wake alikuwa tayari anaitazama g2, mlango wa nyumba yako.

Tazama ubao katika hatua ya nne, kabla hujala. Kete yake moja tu iko nje, yaani yule farasi wa d4, na imesogea mara mbili. Wewe una farasi na askofu. Ungemla farasi huyo kwa farasi wako, yeye angelazimika kurudisha kwa askari wa e5, na baada ya hapo angebaki hana hata kete moja iliyotoka nyumbani, huku wewe ukiwa na askofu wako kazini na uwezo wa kufanya roki mara moja, yaani kumsogeza mfalme na ngome kwa pamoja ili mfalme ajifiche pembeni. Hiyo ndiyo hatua niliyoitafuta katika mchezo wako. Haileti kelele wala haikupi kitu cha bure, lakini inaiondoa kete pekee iliyokuwa inafanya kazi upande wake. Hata baada ya kosa la kwanza, malkia alipofika g5, ungeweza kupunguza hasara kwa kula f7 kwa askofu badala ya farasi, kwa kuwa hapo mfalme wake angelazimika kuondoka mahali pake na kupoteza haki ya roki. Wewe ungefanya roki, yeye angemla farasi wako wa e5, wewe ungemla farasi wake wa g8 naye angemla askofu wako. Ungekuwa umetoa kete moja kwa askari wawili, na mfalme mweusi angebaki barazani. Si jambo la kujivunia, lakini ni afadhali kuliko mati.

Hebu nieleze namna ninavyowafundisha vijana wanaokuja kwenye parsele yangu, yaani uani kwangu. Sianzi kwa kuwapa majina ya ufunguzi. Ninamwekea kijana farasi katikati ya ubao mtupu na kumwambia ahesabu miraba anayoweza kufikia: ni minane. Kisha namweka pembeni kabisa, kwenye kona: ni miwili. Mtoto wa miaka tisa huelewa hapo hapo kwa nini tunapigania miraba ya e4, d4, e5 na d5, bila mimi kutaja Italia wala Hispania. Baada ya hapo namuuliza kwa nini Waitalia wanampeleka askofu c4. Asipoweza kunijibu kwamba anaitazama f7, mraba ambao mwanzoni mwa mchezo unalindwa na mfalme peke yake, hajaujua ufunguzi huo, hata kama anaweza kuutaja hadi hatua ya ishirini. Daftari lako halina kosa katika hatua ulizoziandika. Lina kosa la kuwa na safu moja. Ongeza safu ya pili, na mbele ya kila hatua uandike kazi yake kwa maneno yako mwenyewe. Palipo na hatua usiyoijua kazi, acha wazi, uje uulize.

(Naongeza kidogo kwa wanaosoma na kuchanganyikiwa na majina. Sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa tumezoea kumwita askofu jina lenye maana ya mwendawazimu. Jina hilo limetokana na neno la Kiarabu la tembo, kwa kuwa kete hiyo ilikuwa tembo zamani, kabla mchezo haujafika Ulaya. Kwa upande wangu naona tembo angefaa zaidi kwetu kuliko askofu, lakini sitaanzisha vita.)

Kwa thamani, shika hesabu ya kawaida: askari 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Ni hesabu ya sokoni. Inakusaidia kutodanganywa katika kubadilishana, lakini haitakuambia ni lini mfalme wako anakufa. Na kabla hujaigusa kete yoyote, jiulize swali moja tu: huyu aliyecheza sasa hivi, hatua yake inataka nini?

---

Mama wa Kadutu (Bukavu):

Shikamoo Mwalimu. Mengi uliyoyaandika nayakubali, hasa habari ya dama, kwa sababu nimeyaona kwa mume wangu. Hata hivyo sikubaliani nawe unapowaacha wanaoanza bila ufunguzi wowote wa kushika. Mtu mzima mwenye kazi na watoto hana muda wa kugundua upya, peke yake, mambo ambayo wengine walikwisha kuyagundua.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Mimi nilijifunza sataranji pamoja na mwanangu, wakati huo akiwa na miaka 11. Wiki za mwanzo alikuwa akirudi kutoka kwa wenzake analia, kwa sababu kila mchezo ulikuwa unakwisha kwa ile mati ya mchungaji: malkia anatoka h5, askofu c4, kisha malkia anakula f7 na mchezo umekwisha katika hatua nne. Mwalimu angesema mtoto afikiri. Sawa, lakini mimi nilimwonyesha jibu katika dakika tano. Malkia akitoka h5, toa farasi c6 ili umlinde askari wa e5. Askofu akija c4, sogeza askari g6 umfukuze malkia. Akirudi f3 kutishia tena f7, toa farasi f6. Sasa umetoa farasi wawili, na yeye ana malkia anayekimbizwa kimbizwa. Mtoto hakulia tena kwa sababu hiyo, na ndipo alipopata utulivu wa kuanza kufikiri. Kwa hiyo ufunguzi kidogo ni kama mlango wenye kitasa. Haukupi nyumba, lakini unalala usingizi.

Ninachokataa ni wingi. Ndugu wa Kamalondo, una ufunguzi mitatu katika daftari moja, na mmoja kati yake hata huuelewi. Ufute. Baki na wa Kiitalia kwa kete nyeupe. Kwa kete nyeusi, mtu akianza e4 nawe jibu e5, akianza d4 jibu d5, basi. Yale majina mengine hayatakimbia.

Watu wengine watakushauri ushike mfumo wa London, ule wa askari d4, askofu f4, kisha e3, c3 na farasi f3, kwa madai kwamba unauchezea dhidi ya kila kitu. Ni kweli kwamba unajifunza kwa jioni moja. Mwanangu aliushika kwa mwaka mzima, na mwishoni mwa mwaka alikuwa bado na nyumba ya chumba kimoja. Siku mtu alipomsukumia askari c5 na kumleta malkia b6 kuitazama b2, alishtuka kana kwamba sheria zimebadilishwa. Si kwamba mfumo huo ni mbaya, wakubwa wanaucheza. Ubaya ni kwamba unamzoeza anayeanza kucheza hatua zake bila kuzitazama za mwenzake, na huo ndio ugonjwa ule ule ambao Mwalimu ameueleza.

Jambo la pili ambalo halijatajwa ni mwisho wa mchezo. José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alisisitiza kwamba mwisho wa mchezo ujifunzwe kwanza, nami zamani niliona ni maneno ya mtu asiyekuwa na haraka. Leo naona alikuwa na haki. Ubao wenye mfalme, mfalme na askari mmoja una kete tatu tu, kwa hiyo hata baada ya kazi za siku nzima akili bado inaweza kuubeba. Jifunze jambo hili moja: mfalme wako atangulie mbele ya askari wako, asimfuate nyuma. Ikiwa mfalme wako amefika e6 na askari wako yuko e5, askari wako atafika mwisho na kugeuka malkia, iwe ni zamu yako au yake kucheza, na kanuni hiyo inashika kwa askari wote isipokuwa wale wawili wa pembeni. Lakini ukimtanguliza askari hadi e7 huku mfalme wako akiwa e6 na mfalme wa mwenzako e8, na ikawa zamu yake, hana pa kwenda wala hatishiwi, na hiyo ni pati. Kazi yako yote inageuka sare.

Saa yako moja ya jioni, mimi ningeigawa hivi: nusu saa ya mafumbo ya hatua mbili au tatu, na nusu saa ya mchezo mmoja uliotulia au ya kuupitia ule wa jana. Ufunguzi uupe Jumapili.

---

Mwana wa Kasapa (Lubumbashi):

Naomba kuongeza machache tu, kwa kuwa wakubwa wamekwisha kusema.

Yaya wa Kamalondo (yaani mkubwa wangu), kama una simu, tumia Lichess, tovuti ya kucheza sataranji. Ilianzishwa 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ni ya bure kabisa, haina matangazo, na ina mafumbo mengi kuliko utakavyomaliza. Mafumbo yamepangwa kwa aina, kwa hiyo unaweza kuchagua yale ya uma, yaani kete moja inayotishia mbili, au yale ya kupigilia, yaani kete isiyoweza kusogea kwa sababu nyuma yake yuko mfalme. Ukitazama vizuri mati uliyopewa, askofu wako wa e2 alikuwa amepigiliwa na malkia wa e4. Ndiyo sababu hakuweza kumla yule farasi wa f3.

Ila usicheze michezo ya dakika tatu. Mimi nilipoteza mwaka wa kwanza wa chuo kwa michezo hiyo, nikawa na kidole chepesi na kichwa kile kile. Chagua dakika 15 zenye nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Na mchezo ukiisha, usikimbilie kuiwasha kompyuta ikuambie makosa. Andika kwanza wewe mwenyewe mahali unapodhani uliharibu, halafu ndipo uilinganishe na kompyuta. Ikikuonyesha kosa lingine kabisa, hapo ndipo kuna somo. Siku umeme ukikatika na simu ikazima, ubao wa mbao na mshumaa vinatosha. Nimejifunza mengi gizani kuliko kwenye kioo cha simu.

Na tusidhani kwamba huu ni mchezo wa watu wa mbali. Mtu wa kwanza wa Afrika kusini ya Sahara kupata cheo cha Grand Master, cheo cha juu kabisa cha sataranji, ni Amon Simutowe wa Zambia, hapo hapo ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasumbalesa.

---

Kete ya Kamalondo (Lubumbashi):

Nawashukuru sana, Mwalimu, Mama na mdogo wangu wa Kasapa.

Nimefanya jambo ambalo lilinitia aibu. Nimechukua michezo yangu 20 ya mwisho, ile niliyoiandika, na kutafuta mahali ambapo kila mmoja uliharibika. Kati ya 16 niliyoshindwa, 11 iliharibika kwa sababu nilikula kitu ambacho sikupaswa kukila. Mitatu niliacha kete bila mlinzi. Miwili tu ndiyo ninayoweza kusema kwamba mpinzani alinizidi tangu ufunguzi. Kwa hiyo Mwalimu umenipiga picha bila kuniona.

Nimeufuta Ulinzi wa Kisisilia na nimeongeza safu ya pili katika daftari. Nina maswali mawili yaliyobaki wazi humo. La kwanza: ninapokuwa na kete nyeusi na mwenzangu akacheza Kiitalia, mimi hutoa farasi f6, naye hurukia g5 na farasi wake, halafu f7 inatishiwa na kete mbili. Nifanye nini? La pili: mtu akianza d4, nami nikajibu d5, mara nyingi ananisogezea askari c4 na kuniachia nimle. Najua sasa kwamba kula si lazima. Lakini je, huyu naye ni mtego?

---

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi):

Mama wa Kadutu, marahaba. Habari ya mati ya mchungaji umenishinda, nakubali. Kuna mambo machache ambayo ni ukatili kumwachia mtoto ayagundue. Kwa London pia tuko pamoja.

Mwanangu, swali la kwanza. Farasi wake anapofika g5, jibu ni kusogeza askari d5 ili kuikata njia ya askofu wake. Yeye atakula kwa askari wa e4. Hapo ndipo mkono wa dama utakapokuambia umle askari huyo kwa farasi wako wa f6, nawe uukatalie, kwa sababu farasi wake ataingia f7, mfalme wako atalazimika kumla, malkia wake atatoka f3, na mfalme wako atajikuta anamlinda farasi katikati ya ubao kama mchungaji aliyepotewa na kundi. Wenye kujua wanaweza kuishi katika hali hiyo, sisi hatuwezi. Badala yake, mpeleke farasi wa c6 hadi a5 amtishie askofu. Utakuwa umetoa askari mmoja, lakini kete zako zitatoka haraka na za kwake zitakuwa zinakimbizwa.

Kuna njia rahisi zaidi, nami ndiyo ninayokupendekezea mwaka huu. Badala ya kuanza na farasi f6, anza na askofu c5. Sasa mwambie mwenzako aruke g5 akitaka. Malkia wako wa d8 anauona mraba huo moja kwa moja kwenye mshazari, kwa hiyo atamla farasi huyo bure. Ulipokuwa ukimtoa farasi f6, ni wewe mwenyewe uliyeuziba mshazari wa malkia wako. Andika hilo katika safu ya pili.

Swali la pili linanifurahisha, kwa sababu limeandikwa na mtu aliyeanza kupona. Askari wa c4 si mtego wa papo hapo. Kumla kunaruhusiwa, na wachezaji wakubwa humla, mradi wasitake kubaki naye. Balaa huanza pale unapong'ang'ania. Tazama: umekula c4, yeye amesogeza e3 ili askofu wake amtazame askari huyo, nawe unamlinda kwa b5. Yeye anasogeza a4. Unalinda tena kwa c6. Anakula b5, unarudisha kwa askari wa c6. Sasa anatoa malkia f3, na mshazari wote hadi kwenye ngome yako ya a8 uko wazi. Ukimkinga kwa farasi c6, malkia atamla farasi huyo na kumtishia mfalme wako. Umepoteza kete nzima kwa kulinda askari mmoja ambaye hakuwa wako. Kwa sasa, mwache c4 alipo na ujibu kwa askari e6. Askofu wako wa c8 atalalamika kidogo kwamba umemfungia ndani, lakini atatoka baadaye.

---

Kete ya Kamalondo (Lubumbashi):

Ninarudi na taarifa fupi. Jana jioni nimekutana tena na jirani yule, kwa dau lile lile, tena nikiwa na kete nyeupe. Alicheza vile vile hadi hatua ya tatu, akamrusha farasi wake d4, akaegemea kiti na kunitazama. Nilikaa kimya muda mrefu. Askari wa e5 alikuwa pale, hana mlinzi. Nikamla farasi wa d4, akarudisha kwa askari, nikafanya roki. Aliuliza ni nani aliyenifundisha.

Mchezo ulikwenda hadi hatua ya 52. Nilibaki na mfalme na askari mmoja, naye na mfalme peke yake, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma maneno ya Mama wa Kadutu mara moja tu badala ya mara mbili, nilimsukuma askari hadi e7 nikiwa na furaha, mfalme wangu akiwa nyuma yake. Ilikuwa pati. Sukre haikununuliwa na yeyote, na Jumamosi tunarudiana.